Tone la Saba

Ti.

Sauti moja, nyembamba, kama tone la maji linaloangukia maji mengine ndani ya ukumbi mtupu. Halafu kimya kirefu. Ukishakata tamaa kwamba halitakuja jingine, linakuja: ti.

Ndivyo Mama Taratibu anavyolikumbuka tone la kwanza. Alikuwa na miaka ishirini na minne, amevaa koti jeupe lililomzidi mabega, ameshika mrija wa kunyonya mate katika kinywa cha mtu asiyemjua. Tone lilipodondoka aliinua macho kuitazama dari, akidhani bomba la juu linavuja tena.

Tangu siku hizo hajahama. Ni mwaka wa thelathini na moja sasa, msaidizi wa chumba cha meno katika hospitali ile ile, kando ya kiti kile kile cha ngozi nyeusi kilichobandikwa viraka mikononi. Jina lake halisi liko kwenye beji ya kifuani, lakini beji imefuliwa pamoja na koti mara nyingi hadi maandishi yakahama, naye hakuomba nyingine. Taratibu ndilo neno analomwambia kila anayeingia: mgonjwa anayekimbilia kiti ili yaishe haraka, daktari anayebana bomba la sindano kwa pupa, hata mlango wa chuma unaojibamiza wenyewe. Neno likamganda. Watoto wake wanne wamekua wakiitwa watoto wa Mama Taratibu, na mumewe, fundi wa cherehani, ameshazoea kuitwa Baba Taratibu ingawa mtaa mzima hauna mtu mwenye haraka kama yeye.

Kazi yake ukiisoma kwenye karatasi ni fupi. Anachanganya dawa ya kuzibia meno juu ya kipande cha kioo, anashika mrija, anageuza taa, anachemsha vyombo katika mashine ya mvuke, anampa daktari koleo kabla hajaliomba. Kazi kubwa haikuandikwa popote. Mkono wake wa kushoto ni wa kushikwa. Wagonjwa huukamata ganzi inapoingia, na wengine huukamua kama nguo iliyotoka kwenye beseni. Mwaka wa kwanza wa ndoa aliihamishia pete mkono wa kulia, baada ya mpiga tofali mmoja kuibana mpaka ikamchana kidole. Mumewe alilalamika kidogo. Alipopelekwa kung'olewa jino lake mwenyewe na kuukamata mkono ule ule, hakulalamika tena.

Jambo jingine: hakuwahi kumwambia mgonjwa kwamba haitauma. Katika vyumba vya meno neno hilo husemwa kama salamu, na yeye aliliona ni uongo wa waziwazi, uongo unaogunduliwa baada ya nusu dakika. Alitafuta neno la kweli la kuweka mahali pake, na alilipata kwenye kanda.

Kanda ililetwa na mgonjwa. Alikuwa fundi wa mitambo ya redio, mtu wa safari, shavu limevimba kama ameficha embe. Alikuja na redio kaseti ndogo na visikilizio viwili vya sponji, akasema haketi bila kuviweka masikioni. Daktari wa wakati huo, mzee mwenye mikono minene na ulimi mwepesi, alimjibu kwamba hawezi kumgombeza mtu aliyeziba masikio, na kugombeza ni nusu ya matibabu. Wakapatana. Visikilizio vikachomolewa, muziki ukatoka ndani ya redio na kujaa chumba.

Haukuwa na mwimbaji. Haukuwa na ngoma wala gitaa. Ilikuwa sauti moja ndefu iliyolala chini kabisa, na juu yake nyingine, na nyingine tena, zinapishana polepole kama mawingu ya siku isiyo na mvua. Yule fundi alieleza, kwa upande wa mdomo uliokuwa mzima, kwamba aliyeutengeneza alijifungia peke yake na mitambo ya umeme akazivuta sauti mpaka zikarefuka. Daktari mzee alisikiliza kidogo, koleo mkononi. Akasema katika maisha yake hajawahi kusikia friji likiota ndoto.

Mzaha huo ulizunguka hospitali nzima kabla ya saa ya chakula. Lakini mashine ya kutobolea ilipowashwa, Mama Taratibu aliona jambo ambalo daktari naye aliliona asiseme. Ule mlio wake wa kukwaruza, ambao huwafanya watu walioko hata kwenye benchi la nje washike mashavu, ulizama ndani ya ile sauti ndefu kama sukari ndani ya chai. Ulikuwepo, ila hukuuona. Fundi wa redio hakukaza hata vidole vya miguu. Na ilipofika dakika ya kumi na mbili au zaidi kidogo, yakaja matone. Ti. Kimya. Ti. Yalikuwa saba.

Yule fundi aliondoka na pengo lake. Redio na kanda aliviacha mezani. Alisema vimemshika mkono safari nyingi, sasa viwashike wengine. Hakurudi tena, na hakuna aliyejua alikotokea.

Hapo ndipo Mama Taratibu alipopata neno lake. Mgonjwa akiketi, ganzi ikishaingia, angebonyeza kitufe cha kanda, angeinama karibu na sikio na kusema: itauma kidogo, lakini ina mwisho. Sikiliza muziki. Yatakuja matone saba. La saba likidondoka, daktari atainua mkono, utafunga mdomo, utameza mate, utapumzika. Na likidondoka la saba, alimgusa daktari kiwiko, na daktari akainua mkono. Hata kama jino lilikuwa limebakiza mkwaruzo mmoja, aliinua. Siku za mwanzo mzee alinung'unika kwamba anaendeshwa na friji. Baadaye hata akiwa kimya ungemwona anapunguza kasi kwenye tone la tano.

Ahadi ndogo kama hiyo, ikitimizwa kila siku kwa miaka, inakuwa kitu kikubwa. Watu walianza kuja wakiwa wanajua. Mwalimu wa hesabu alisema ndiyo hesabu pekee aliyowahi kuifurahia akiwa amelala chali. Mwanamke mmoja muuza vitambaa aling'olewa magego matatu kwa mwaka mmoja na alikuwa akimwambia jirani yake kwamba haogopi kiti, anaogopa siku kanda itakapokatika. Wakaomba kunakiliwa kanda hiyo. Fundi redio wa mtaani alitoa nakala, na nakala zikatoa nakala, mpaka ukipita kwa kinyozi, au kwenye chumba cha kupigia pasi, au kwa mzee anayetengeneza saa, ungeweza kuisikia ile sauti ndefu imelala ndani kama paka wa nyumba. Hakuna aliyejua jina la albamu. Karatasi ya kanda ilishababuka. Waliiita Matone. Watu waliokutana na Mama Taratibu sokoni hawakumsalimia kwa habari za nyumbani. Waliinua vidole saba.

Kanda ile ya kwanza ilikatika mara tatu, akaiunga kwa gundi ya karatasi na kuizungusha kwa penseli. Kila Ijumaa alisafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, ile ile ya kusafishia vyombo. Daktari mzee alikuwa akimtania kwamba jino la pembe si dawa ya pengo, lakini kanda yake inakaribia.

Mzee alistaafu. Akaja daktari mpya, msichana wa rika la mwanawe wa pili, mpole, mwepesi wa mikono, asiyependa maneno mengi. Mzee alimkabidhi funguo za kabati na sharti moja: huyu mama akikugusa kiwiko, inua mkono. Usiulize. Akaitika.

Daktari mpya alileta vitu vyake. Kimoja kilikuwa kipande cha sumaku, kirefu kama rula, cha kushikia vile vichwa vidogo vya mashine vinavyopenda kudondoka na kubingirika chini ya kabati. Alikigandisha ukutani, shubiri moja tu kutoka kwenye rafu ya redio.

Mama Taratibu alikiona na moyo ukamlipuka. Kila mtu aliyewahi kumiliki kanda anajua sumaku inafanya nini: inafuta. Alirudi kwenye vyombo vyake. Daktari ni daktari, na mgeni hapokewi kwa lawama. Lakini wiki chache baadaye akisikiliza, tone la kwanza halikuwepo. La pili lilikuja kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya uwanja. Mwezi uliofuata yalibaki manne, kisha mawili. Siku moja aliegesha sikio kwenye redio chumba kikiwa kitupu, akacheza upande mzima. Sauti ndefu ilikuwa pale pale, imejaa, nzuri kama siku ya kwanza. Matone hayakuwepo.

Basi akamnunia daktari. Si kwa maneno, la. Alimpa koleo kwa wakati, alimsalimu asubuhi, lakini chai yake alikuwa akiinywa dirishani badala ya mezani. Na kulikuwa na kosa la pili. Daktari huyu alikuwa na tabia ya kumwonyesha vitu kwa kidole. Badala ya kusema naomba pamba, angenyoosha kidole kwenye pamba. Nyumbani Mama Taratibu aliyamwaga yote mbele ya mumewe: kwanza amenifutia kanda yangu, halafu ananielekeza kwa vidole kama ananichagulia nyanya.

Nyumbani nako hakukuwa na utulivu. Kitinda mimba wake, binti anayefanya kazi kwenye duka la simu, alilalamika kwamba runinga inasikika mpaka kwa jirani. Birika la mluzi lilikauka mara mbili jikoni, yeye akiwa ameketi hatua tatu tu kutoka jiko. Binti alilizima, akacheka, akamtania: "Sikio la kufa halisikii dawa, mama." Mama naye akacheka. Alisema birika limechoka, mluzi wake umeharibika. Kila kitu siku hizo kilikuwa kimeharibika.

Ila ahadi hakuiacha. Matone yakiwa hayapo, alikisia. Alijua sauti ndefu inavyoinama kidogo kabla yake, akawa anahesabu moyoni na kugusa kiwiko. Wakati mwingine aliona mgonjwa anashangaa kidogo, akadhani ni ganzi.

Dereva wa lori alikuja siku ya Jumatano. Alikuwa mgonjwa wa zamani, mtu mnene mwenye kicheko kirefu na hofu ya sindano isiyolingana na mwili wake. Alikuwa na meno mawili ya kuzibwa, moja siku hiyo na jingine baada ya wiki mbili. Alimwambia Mama Taratibu kwamba amekuja kwa ajili ya Matone tu, meno ni kisingizio. Ganzi ikaingia, kanda ikaanza, naye akaambiwa maneno aliyoyajua kwa moyo.

Katikati ya kazi mate yalizidi, mrija ukaziba, Mama Taratibu akahangaika nao na hesabu ya moyoni ikampotea. Akaamua kusubiri. Dereva aliinua mkono. Mama Taratibu alidhani ni hofu, akaushusha kwa upole na kumwambia bado, baba, bado hata la kwanza. Dereva akauinua tena. Mama akaushusha tena na kuushika. Yule mtu alimtazama kwa macho ya mtoto aliyesahauliwa shuleni. Mashine iliendelea, na sauti ndefu ikaendelea, mpaka kanda ikafika mwisho na kitufe kikaruka chenyewe.

Dereva alisukutua, akatema, akafuta kidevu. Hakucheka.

"Mama, leo umenidanganya," alisema. "La saba lilidondoka zamani. Nilikuwa nakuonyesha."

Alimjibu kwamba kanda imefutika, matone hayapo, labda anayasikia kwa mazoea.

"Mimi nikiwa barabarani na injini inanguruma, tairi la nyuma likitoa upepo nalisikia," dereva akasema. "Yapo. Yote saba."

Akaaga kwa adabu, akasahau kofia yake kwenye ndoano. Mama Taratibu alimtazama daktari, akitegemea kuona aibu ya mtu aliyeleta sumaku. Daktari alikuwa amevua barakoa na anamtazama yeye, na usoni mwake hakukuwa na aibu. Kulikuwa na huruma, na huruma hiyo ilimwuma zaidi ya neno la dereva.

Kwa miaka thelathini na moja hakuna mgonjwa aliyewahi kumwita mwongo.

Jumamosi mchana alimketisha binti yake sebuleni, akamwomba amtafutie muziki ule kwenye simu, nakala safi isiyoguswa na sumaku, ili Jumatatu aweze kuamkia nayo kazini. Binti hakujua jina lake, hakuna aliyejua, lakini watoto wa siku hizi wana njia zao. Aliiwekea simu kanda, ambayo mama alikuwa amerudi nayo pamoja na redio, isikilize, simu ikafikiri, ikaleta picha ya jalada: ukuta wa kijivu na dirisha moja. Albamu ilikuwa na umri uliomzidi binti mwenyewe.

Na chini ya picha kulikuwa na watu. Maelfu. Mama Taratibu hakuelewa, akauliza ni foleni ya nini. Binti akamweleza kwamba ni wasikilizaji, kila mmoja ameandika neno lake, wengine miaka mingi iliyopita, wengine jana. Akaanza kumsomea, akitafsiri palipohitaji. Mmoja aliandika kwamba aliisikiliza kwanza akiwa na nywele. Sasa hana, na albamu haijaota mvi. Mmoja alikuwa mlinzi wa ghala na alisema imekuwa mwenzake wa zamu. Mwanamke mmoja aliicheza siku saba kando ya kitanda cha mama yake mgonjwa, na tangu hapo hakuweza kuisikiliza, mpaka mwaka huu ambapo aliweza. Mwingine aliandika mstari mmoja tu: nimeisikiliza miaka thelathini na bado sijaimaliza.

Mama Taratibu aliweka mkono kifuani. Siku zote alidhani Matone ni ya mtaa wao, kitu kilichosahauliwa na mpita njia. "Kumbe ina ukoo," alisema.

"Sikiliza huyu, mama," binti akasema. "Anaandika: kila mara najiambia safari hii nitayazoea yale matone, na kila mara yananikuta kama mgeni anayebisha hodi."

Basi yalikuwepo kwenye nakala safi. Moyo wake ulifurahi. Akamwambia binti aicheze. Barazani mumewe alikuwa anashona, na akaombwa asimamishe cherehani, jambo lisilo la kawaida kwake, akasimamisha. Sauti ndefu ikatoka, safi kuliko alivyowahi kuisikia, ikatandazwa sebuleni kama shuka lililotoka kupigwa pasi. Wakakaa. Dakika zikapita. Sauti ikainama kidogo, pale pale palipozoeleka.

Binti akainua kidole kimoja, akatabasamu.

Mama Taratibu akasubiri. Binti akainua cha pili. Kupitia mlango akamwona mumewe ameinua kichwa kutoka kwenye kitambaa, ametulia kwa namna ambayo mtu hutulia akiitwa. Cha tatu. Sebule ilikuwa na sauti ndefu tu, na ndani yake kidole cha mwanawe kilikuwa kinapanda bila chochote cha kukipandisha. Cha nne. Cha tano. Binti akamtazama mama usoni, tabasamu likaanza kumwisha, lakini hakujua la kufanya ila kuendelea kuhesabu. Cha sita. Cha saba.

"Rudia," mama akasema.

Alirudia. Safari hii Mama Taratibu hakusikiliza. Alitazama tu vile vidole, vyote saba, kimoja kimoja.

Baba Taratibu aliingia ndani, akaketi karibu naye, akachukua mkono wa kushoto. Binti alikumbuka birika, akakumbuka methali aliyomtania nayo, akajifunika uso na kanga ya mama yake. Aliomba radhi. Mama alimpapasa kichwa na kumwambia methali hazina kosa, na kwamba angalau sasa birika limeoshwa jina.

Jumapili nzima alishinda barazani. Alikuwa anapanga. Mashine ya mvuke ikimaliza hulia mlio mwembamba: tangu lini hakuusikia? Alikuwa ameanza kwenda kuiangalia kwa macho, akidhani ni uangalifu. Daktari akizungumza nyuma ya barakoa maneno yalikuwa yanakuja yamelowa, hayana kingo. Zamani mzee alikuwa anafoka, hakuhitaji masikio kumsikia. Miaka mitano ilibaki kabla ya kustaafu, na aliitaka yote, kila siku yake, kando ya kile kiti. Lakini msaidizi asiyesikia ni hatari, na hilo angelisema yeye mwenyewe kama lingekuwa la mtu mwingine.

Jumatatu alifika mapema, akaketi kwenye kiti cha mgonjwa, mahali ambapo hakuwa ameketi tangu aajiriwe. Daktari alimkuta hapo. Alimweleza yote kwa mpangilio, bila kulia: matone, birika, dereva, vidole vya binti. Kisha akafika kwenye lile lililomkaba zaidi.

"Nilikunenea vibaya, mwanangu," alisema. "Nilisema sumaku yako imenifutia kanda."

Daktari alivuta droo ya meza, akamwonyesha. Kipande cha sumaku kilikuwa ndani, kimefungwa kwenye kitambaa.

"Niliibandua wiki ya pili," akasema. "Niliona ulivyoitazama."

Mama Taratibu aligeukia ukuta. Ni kweli, palikuwa na alama tu, mstari mweupe kwenye rangi. Alikuwa ameinunia alama kwa miezi saba. Daktari akaendelea kwa sauti ya taratibu, akiwa amegeuza uso umwelekee vizuri. Aligundua mwezi wa tatu, alipoomba pamba mara nne. Akaogopa kumwaibisha, akaanza kuonyesha kwa kidole. Hakujua kama amefanya vizuri.

"Mimi nikasema unanichagulia nyanya," Mama Taratibu akajibu, na wote wawili wakacheka mpaka mgonjwa wa kwanza, aliyekuwa ameshika shavu mlangoni, akarudi nyuma hatua moja.

Mpimaji wa masikio alimwingiza kwenye chumba kidogo kama kabati, akamchorea mstari kwenye karatasi. Ulianza sawasawa kama barabara ya lami, kisha ukatumbukia bondeni. Sauti nene zote zipo, alimwambia. Nyembamba ndizo zimeondoka, na hazitarudi. Ni umri kidogo, na ni ile mashine zaidi: miaka thelathini na moja, shubiri tatu kutoka sikioni. Mama Taratibu alielewa. Kanda ilikuwa imewafichia wagonjwa ule mlio. Haikuwa imeuzuia.

Alibaki kazini. Daktari aliandika barua, mashine ya mvuke ikafungwa taa nyekundu, na vidole vikawa lugha rasmi ya chumba. Kazi yote ilikuwa na dawa yake isipokuwa ile isiyoandikwa popote. Kwa wiki nzima aliwasha kanda bila kuahidi kitu. Wagonjwa waliketi, wakangoja maneno yao, hayakuja. Muuza vitambaa alimwuliza kama kuna msiba nyumbani. Angeweza kumwachia daktari hesabu, daktari mwenyewe alijitolea. Lakini mtu anayetoboa jino hatakiwi kuhesabu kitu kingine. Angeweza kutumia saa ya ukutani. Lakini redio imezeeka, siku nyingine inakimbia, siku nyingine inakokota miguu, na saa ingemfanya mwongo kwa mara ya pili.

Wiki mbili zilipotimia dereva wa lori alirudi kwa jino la pili na kwa kofia yake. Alisalimu, akaketi, akatazama dari. Hakuleta mzaha. Ganzi ikaingia, shavu likaanza kulala. Mama Taratibu akageuza taa, akabonyeza kitufe, na sauti ndefu ikapanda kutoka sakafuni, nene, ikampitia kwenye nyayo, na yeye aliisikia yote.

"Leo ni saba ya kweli?" dereva akauliza, ulimi mzito.

Siku hizo alikuwa amezoea kusema kwa sauti kubwa bila kujijua. Nyumbani walimwonyesha kwa mkono ashushe. Sasa aliishusha mwenyewe. Alivua glavu ya kushoto, akaweka mkono wake katika kiganja cha yule mtu, akavikunja vidole vinene vya dereva juu ya vyake. Daktari alisubiri, mashine mkononi, haijawashwa. Mama Taratibu akainama karibu na sikio, karibu kuliko siku zote.

"Mimi siyasikii tena," alinong'ona. "Nihesabie."